Chombo Hupinduka Kingali Gogo

Kila mara mtumbwi unapopinduka na watu wakafa, iwe baharini, iwe ziwani, iwe katika mto uliofurika kwa mvua za masika, magazeti huandika, viongozi hunena, na majirani hukariri barazani, kwamba upepo ulivuma ghafula, kwamba abiria walizidi, kwamba hawakuvaa maboya, na kwamba nahodha alikosa hadhari. Na maneno hayo, ijapokuwa aghalabu yana ukweli ndani yake, huliacha kando swali ambalo fundi mzee wa pwani angeliuliza kabla ya yote, nalo ni hili: chombo chenyewe kilichongwaje? Upana wake tumboni ulikuwa kiasi gani, chini yake palikuwa bapa au mviringo, mbavu zake zilipanda zikifunguka au zikijifunga, na uzito uliokuwamo ulikaa juu au chini? Rai yangu, ambayo nimeishika kwa miaka mingi na ninayoiandika hapa kwa moyo wangu wote, ni kwamba chombo kisicho na umbo la haki kimekwisha kupinduka kingali gogo mbele ya tezo, na wimbi linalokuja baadaye hukamilisha tu kazi iliyokwisha kuanzwa. Kwa hiyo hatutapata salama majini mpaka umbo la chombo nalo liwe jambo la kupimwa, la kufundishwa, na la kuulizwa mbele ya sheria.

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa hivi, katika kijiji kimoja cha kaskazini ya Unguja, palikuwa na fundi wa ngalawa ambaye sisi watoto wote tulimwita Babu, ingawa hakuwa na nasaba nasi. Gogo la mwembe lilikuwa limelala chini ya mkungu, nusu limekwisha kuwa chombo na nusu lingali mti, na harufu ya mti mbichi ilichanganyika na harufu ya sifa ya papa iliyokuwa ikipakwa mashua ya jirani. Babu alikuwa akipiga tezo mara tatu au nne, kisha huiweka chini, akatia mkono wa kushoto ndani ya gogo na wa kulia nje yake, akagonga kwa kifundo cha kidole na kuinamisha kichwa kusikiliza; gogo likiitika kwa sauti nzito alijua kuwa nyama ingali nene, na likiitika kwa sauti nyepesi aliacha mahali pale akahamia pengine, maana ubavu mmoja ukiwa mnene kuliko wa pili chombo huzaliwa na kilema, kikalalia upande mmoja maisha yake yote.

Siku ya kuishusha ngalawa ile majini, kabla haijafungwa mirengu, ile miti ya kukingama, wala matengo, zile mbao za pembeni zinazoizuia isipinduke, aliamuru iburutwe mpaka maji ya kiunoni, akawaita vijana wawili, mmoja akamketisha omo na wa pili tezi, kisha akamwambia yule wa tezi asimame, akanyage ubavu mmoja kwa mguu mmoja, halafu auondoe mguu. Sisi tulikuwa tukicheka kumwona kijana akipepesuka. Babu hakumtazama kijana, alitazama maji. Nikamwuliza, “Babu, mbona inalala sana?” Akanijibu, “Mjukuu wangu, usitazame inavyolala; tazama inavyorudi.” Kisha akachukua kipande cha makaa, akaingia majini na nguo zake, akapiga mstari ubavuni, shibiri moja chini ya ukingo, akamgeukia mwenye chombo na kumwambia, “Shehena ikiyaleta maji hapa, teremsha.”

Neno lile, inavyorudi, ndilo shina la elimu yote ya uthabiti wa vyombo. Chombo kinachoelea hukaa kati ya nguvu mbili: uzito wake pamoja na uzito wa vilivyomo, ambao hukivuta chini kana kwamba umekusanyika mahali pamoja tunapopaita kitovu cha uzito, na maji yaliyopishwa na tumbo lake, ambayo hukisukuma juu kutoka katikati ya nafasi ile yalimofukuzwa. Chombo kikisimama sawasawa, nguvu mbili hizi hukabiliana katika mstari mmoja wa timazi, na hapana ugomvi. Kikilala, ubavu wa chini huzama zaidi na wa pili huibuka, kwa hiyo kitovu cha msukumo wa maji huhamia upande ulioinama. Na maadamu kimehama zaidi kuliko kitovu cha uzito, msukumo ule hukiinua chombo kutoka upande ule ule mpaka kirudi. Lakini ikiwa uzito umekaa juu mno, au tumbo ni jembamba mno, kitovu cha uzito ndicho kinachotangulia kwenda upande ulioinama, na nguvu zile zile zilizokuwa zikirudisha sasa hupindua. Mfaransa Pierre Bouguer, ambaye mwaka 1735 alisafiri na wenzake kwenda Amerika ya Kusini kuipima dunia, aliieleza hesabu hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1746, akakipa jina la metasenta kile kituo cha juu ambacho kitovu cha uzito hakina ruhusa ya kukipita. Babu hakupata kulisikia jina la Bouguer, lakini pale penye maji ya kiunoni, kwa mguu wa kijana mmoja, aliifanya hesabu ile ile, na jibu alilolipata lilikuwa sahihi.

Kati ya vipimo vyote vya chombo, upana wake penye usawa wa maji ndio wenye enzi kubwa kabisa, kwa sababu athari yake haikui kwa kujumlishwa, bali kwa upana kuzidishwa kwa upana, kisha kuzidishwa kwa upana tena. Chukua mitumbwi miwili ya urefu mmoja na uzito mmoja, wa kwanza una upana wa sentimita 60 na wa pili una sentimita 75: jicho litasema kwamba tofauti ni robo tu, lakini hesabu itasema kwamba masafa kutoka kitovu cha msukumo wa maji hadi metasenta katika mtumbwi wa pili ni takriban mara mbili ya yale ya wa kwanza. Na kama ilivyo kwa kuongeza, ndivyo ilivyo kwa kupunguza. Fundi aliyebanwa na gogo jembamba, akatoa upana wa kiganja kimoja ili asilipoteze gogo lake, ametoa kitu ambacho umahiri wa nahodha hauwezi kukirudisha. Upande wa pili wa mizani ni kimo cha uzito: mvuvi akiketi chini, mtumbwi ni mpole, akisimama na wavu begani, mtumbwi ule ule, katika maji yale yale, umekuwa chombo kingine. Ndiyo maana watu wazima walitugombeza tuliposimama ndani ya mtumbwi, nasi tukidhani kwamba wanatufunza adabu, kumbe walikuwa wakitufunza hesabu.

Hata hivyo mtu asije akahitimisha kwamba chombo kipana na bapa ndicho chombo bora, maana uthabiti una nyuso mbili, na anayeujua uso mmoja tu yuko katika hatari kubwa kuliko asiyejua kitu. Chombo chenye chini bapa, mfano wa sinia, hutoa ukarimu wake wote mlangoni: ukikanyaga hakitikisiki, ukiinama hakilalami, ukasema moyoni kwamba hiki ni ardhi, lakini kikilala kupita kiasi chake hakina tena akiba, na hupinduka mara moja bila ya kuonya. Chombo chenye chini mviringo, ambacho mbavu zake hupanda zikifunguka kwa nje, hukutia wasiwasi tangu mguu wa kwanza, huyumba kwa kila kikohozi, lakini kadiri kinavyolala ndivyo ubavu uliofunguka unavyoingia majini na kukiongezea upana, nacho hushupaa pale pale ambapo mwenziwe hulegea. Fauka ya hayo, chombo bapa hufuata mteremko wa maji. Wimbi likija kwa ubavu, nacho huinama pamoja nalo kama mlango unaofunguliwa, ilhali kile cha mviringo huliacha wimbi lipite chini yake na chenyewe kikabaki kimesimama. Basi utulivu wa bwawani si utulivu wa mkondoni, na mnunuzi anayekijaribu chombo penye maji mafu, akaridhika kwa kuwa hakikumtikisa, amekijaribu uso mmoja tu.

Umbo hilo hilo linaloamua uthabiti huamua pia utii, yaani jinsi chombo kinavyoshika njia na kinavyogeuka. Chombo kirefu chenye mkuku ulionyooka kutoka omo hata tezi hukata maji kama mkasi katika kitambaa. Ukikielekeza mahali huenda, lakini ukitaka kukigeuza hubisha, na katika mfereji mwembamba wenye miamba ubishi ule ni balaa. Kile ambacho chini yake pamepinda kidogo, omo na tezi zikiwa zimeinuka, hugeuka kwa pigo moja la kafi, lakini kwa upepo wa ubavuni hutangatanga, na mpiga kafi hutumia nusu ya nguvu zake kwa kukirudisha njiani. Urefu nao una hukumu yake: kila chombo kinachopasua maji hufanya wimbi lake mwenyewe, na wimbi lile hurefuka kadiri mwendo unavyoongezeka, mpaka chombo kifupi hujikuta kinapanda kilima ambacho kimekijenga chenyewe, na kutoka hapo kila nguvu inayoongezwa huleta faida haba. Mwingereza William Froude, aliyejenga birika refu huko Torquay mwaka 1872 kwa ajili ya kuvuta vielelezo vidogo vya meli na kupima ukinzani wa maji, aliyafafanua mambo hayo kwa tarakimu. Nao wapiga makafi walikuwa wakiyajua kwa mabega yao, kwamba gogo refu na jembamba huchosha kidogo na gogo fupi na nene huchosha sana.

Kwa kuwa sifa hizi hushindana, hapana umbo moja linalofaa kila mahali, na hekima ya wazee ilikuwa katika kuoanisha umbo na maji. Mtumbwi wa mto kama Rufiji, ambao hupita penye kina cha goti na husukumwa kwa pondo na mtu aliyesimama, hautaki mkuku, unataka chini bapa inayoteleza juu ya mchanga. Katika Ziwa Nyanza, ambalo mawimbi yake ni mafupi na makali, Waganda walikuwa na mtumbwi wa Ssese ulioungwa kwa mbao zilizoshonwa juu ya mti mmoja mrefu wa mkuku, uliotokeza mbele kama pembe ya mnyama, ukaenda sawasawa katika maji ambayo gogo tupu lingeyumbishwa. Na msafiri Henry Morton Stanley, aliyelizunguka ziwa lile mwaka 1875, aliiona mitumbwi hiyo ikikusanywa kwa mamia kwa amri ya Kabaka Mutesa. Pwani yetu nayo ni ya kale katika kazi hii, kwani kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza kiitwacho Periplasi ya Bahari ya Eritrea kimetaja vyombo vya kushonwa na mitumbwi ya gogo moja iliyotumika kuvua samaki na kukamata kasa.

Lakini jibu zuri kuliko yote ambayo pwani hii imeyatoa kwa swali la upana na wembamba ni ngalawa. Fundi alitaka mwendo, na mwendo hutaka wembamba. Alitaka kusimamisha mlingoti na kutandaza tanga, na tanga hutaka upana. Naye hakulichagua moja akalitupa la pili, bali aliliacha tumbo la chombo libaki jembamba na kuupeleka upana mbali, kwenye ncha za mirengu, ambako alifunga matengo mawili. Hesabu ya jambo hili inastahili kutazamwa kwa karibu. Nguvu ya kurudisha chombo hukua kwa umbali kuzidishwa kwa umbali. Kwa hiyo ikiwa ubavu wa ngalawa uko sentimita 30 kutoka katikati na tengo liko mita moja na nusu, umbali umezidi mara tano, na kila kiganja cha tengo kinachogusa maji kina uwezo wa viganja ishirini na vitano vya pale ubavuni. Tena matengo yetu si magogo mazito ya kuelea, bali ni mbao zilizochongwa na kufungwa zikiwa zimeinama, hata chombo kikienda mbio maji huipiga mbao ya demani, upande unakoelekea upepo, kwa chini na kuinyanyua, na ile ya joshini, upande unakotoka upepo, huning'inia hewani haigusi kitu. Kwa hiyo ngalawa hupata msaada wakati ule ule inapouhitaji, na wakati isipouhitaji haivuti mzigo wa bure. Upepo ukizidi, baharia mmoja hutambaa juu ya mrengu wa joshini akaketi huko, uzito wake ukawa farumi inayotembea.

Werevu huu si wa kijiji kimoja wala wa kizazi kimoja. Vyombo vya matengo mawili vinaonekana kutoka visiwa vya Indonesia hadi Ngazija na pwani yetu, na huko Bukini, ambako watu husema lugha iliyo ndugu wa lugha za Borneo, wavuvi wa Kivezo hutumia chombo chenye tengo moja tu. Bahari nzima ya Hindi, basi, ilikuwa darasa moja, na ngalawa ni somo lililonakiliwa kwa tezo kutoka mkono hadi mkono bila ya kuandikwa katika karatasi. Nalo lina masharti yake: kamba za mirengu zikilegea, au tengo likizama lote likaanza kuvuta maji, chombo huvutwa upande na usukani hushindwa, ndiyo maana mvuvi mwenye akili, kabla ya kutweka tanga, huzishika kamba zile moja moja kwa mkono wake kila alfajiri, kama mtu anayehesabu tasbihi.

Leo miembe mikubwa ya kutoa gogo pana imekuwa adimu, na umasikini haungoji mti ukue. Kwa hiyo gogo jembamba hupandishwa ubao juu ya ubavu ili libebe zaidi, na ubao ule huinua ukingo, ukingo huinua mabao ya kukalia, mabao huinua watu, na kitovu cha uzito hupanda pamoja nao, ilhali upana penye usawa wa maji umebaki ule ule. Kisha hufungwa mashine nyuma, katika chombo ambacho kilichongwa kwa makafi; tezi huzama kwa uzito wake, omo huinuka, na mawimbi ya nyuma huingia bila ya kubisha hodi. Maji yaliyoingia nayo si mzigo wa kawaida, kwani mfuko wa unga hukaa ulipowekwa, bali maji hukimbilia upande ulioinama na kuuongezea uzito pale pale usipotakiwa. Na wahenga waliosema kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, walijua kwamba ngama isipotekwa, chombo hakina pa kurejea.

Miaka kumi iliyopita hivi nilipanda mtumbwi wa namna hiyo kuvuka mkono wa bahari kati ya visiwa viwili, asubuhi isiyokuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Tulikuwa watu kumi na saba, tumeketi juu ya magunia ya mpunga, na njia nzima chombo kilikwenda kwa upole, hata mama mmoja mbele yangu alisinzia na mtoto mapajani. Tulipokaribia ufuo, watu wote, kama ilivyo desturi, waliinuka kuvua viatu na kukunja nguo, na mtumbwi ukalala upande wa kulia; nikatazama maji, kama nilivyofunzwa utotoni, nikangoja urudi, na haukurudi. Maji yalikuwa ya kifuani, hakufa mtu, tulimshika yule mtoto kabla maji hayajamfunika. Lakini niliposimama ufuoni nikichuruzika, nikalitazama lile tumbo lililogeuzwa juu, niliona gogo ambalo upana wake haukufika urefu wa mkono wangu, limepandishwa mbao tatu kila upande. Mwenye chombo aliwaambia watu kwamba ni kudura, nao wakaitikia. Mimi naiamini kudura, lakini siamini kwamba inatuzuia kupima.

Msiba wa namna hiyo hauwapati wenye mitumbwi peke yao. Tarehe 10 Agosti 1628 merikebu Vasa, fahari ya mfalme wa Uswidi, ilitoka bandari ya Stockholm katika safari yake ya kwanza, ikapigwa na upepo mdogo, ikalala, ikaingiza maji katika madirisha ya mizinga na kuzama mbele ya macho ya watu. Na la kusikitisha zaidi ni kwamba kabla ya safari mabaharia 30 walikuwa wameamriwa kukimbia kutoka ubavu hadi ubavu ili kuipima, ikayumba vibaya hata jaribio likasimamishwa, kisha ikaachwa iende. Na sisi wenyewe hatujasahau tarehe 20 Septemba 2018, wakati kivuko MV Nyerere, kilichoruhusiwa kuchukua watu 101, kilipopinduka karibu na gati ya kisiwa cha Ukara, katika Ziwa Nyanza, kikiwa kimejaa kupita kiasi, na taarifa za siku zile zikaeleza kwamba abiria walikuwa wamesogea upande mmoja wakijiandaa kushuka. Waliokufa walizidi 200. Kati ya merikebu ya mfalme, kivuko cha chuma na mtumbwi wa mpunga pana tofauti ya ukubwa, lakini sheria iliyovihukumu ni moja, nayo haitazami bei ya chombo.

Ninaloliomba kwa wenye mamlaka ya usafiri majini, katika Bara na Visiwani, na kwa jirani zetu wa Kenya na Uganda, ni jambo moja lisilo na gharama kubwa: chombo chochote kidogo kinachochukua watu kwa nauli kipimwe kwa kuinamishwa kabla ya kupewa leseni, kisha kipigwe mstari wa rangi ubavuni. Kwa kazi hiyo hakuhitajiki maabara. Yanahitajika maji ya kiunoni, mifuko ya mchanga yenye uzito wa abiria iliyopangwa juu ya mabao pale pale watu wanapoketi, na timazi ya mwashi iliyoning'inizwa katikati ya chombo. Mfuko mmoja baada ya mwingine uhamishwe upande, timazi isomwe, na ukingo wa upande ulioinama ubaki juu ya maji kwa kipimo kilichowekwa na sheria. Halafu mifuko irudishwe, na watu watazame kinavyorudi. Kilichoshindwa kisiruhusiwe kubeba abiria mpaka kipunguziwe mbao, au kiongezewe farumi, au kifungwe matengo. Na wapimaji wa jambo hili wawe mafundi wazee wa vijiji, wafunzwe kuandika vipimo, walipwe, na vijana wa vyuo vya ufundi wakae chini yao kama wanafunzi, ili maarifa yaliyomo mikononi mwao yasizikwe pamoja nao.

Nalijua jibu la wanaopinga, wala silidharau. Watasema kwamba mvuvi masikini ataongezewa kodi nyingine kwa jina la usalama, na kwamba kila karatasi ya serikali huja na mkono ulionyooshwa. Hofu hiyo ina haki. Kwa hiyo nimetaja vyombo vya nauli tu, na nasema kipimo hiki kitolewe bure, maana gharama ya mifuko ya mchanga ni ndogo kuliko gharama ya sanda. Wengine watasema kwamba siku za gogo zimekwisha, kwamba maboti ya faiba yanakuja, nayo yametoka viwandani yakiwa yamepimwa. Nami nafurahi yakija, kwani miembe yetu itapumzika. Lakini faiba ni kitambaa tu, na umbo ndilo vazi. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu walimaliza kuunda dau zima kwa plastiki iliyookotwa fuoni, wakaliita Flipflopi, na mwanzo wa mwaka 2019 likasafiri kwa tanga mpaka Unguja. Na lililolifikisha ni umbo ambalo mikono ya Lamu ilikuwa ikiliunda kwa mti tangu zamani. Boti la faiba lililosanifiwa kwa ajili ya ziwa tulivu la ugenini, likiletwa penye mkondo wa kusi na likapandishwa watu na magunia, halitaokolewa na cheti cha kiwanda chake; nalo pia sharti liinamishwe mbele ya macho yetu.

Mstari ule ubavuni si ndoto. Uingereza iliufanya kuwa sheria mwaka 1876, baada ya Samuel Plimsoll kupigana miaka mingi bungeni kwa ajili ya mabaharia waliopakiwa katika meli zilizoshehenezwa mpaka zikazama, na leo kila meli kubwa ya biashara inayotia nanga Dar es Salaam au Mombasa ina alama ile ubavuni, mtoto aweza kuisoma akiwa gatini. Kwa nini baharia wa meli ya chuma awe na mstari wa kumlinda, na mama anayevuka na mtoto mapajani juu ya magunia ya mpunga asiwe nao?

Mstari wa Babu ulikuwa wa makaa, na maji ya chumvi yaliufuta kabla ya mwezi kuandama. Lakini mwenye ngalawa alikuwa ameuona ukipigwa, na kwa miaka yote niliyomjua, kila alipopakia, nilimwona akishuka ndani ya maji, akiweka kiganja chake ubavuni, shibiri moja chini ya ukingo, mahali palipokuwa na mstari. Yeye hakuhitaji rangi, kwa kuwa alikuwapo siku ile. Abiria wa leo hawakuwapo, hawamjui aliyechonga wala hawakuiona siku ya kushushwa. Wao wanaiamini mbao wanayoikanyaga. Basi na wapigiwe mstari wa rangi isiyofutika, ili kila atiaye mguu katika chombo ajue, kabla hakijang'oa nanga, kwamba kikilala kitarudi.